Wamama wanne na mzee mmoja katika bahari: neno kwa kamati zetu

Maneno yaliyosemwa na timu yetu mbele ya viongozi wa familia zilizohama, wakuu wa bloki na wajumbe wa kamati

  Tunajua kwamba mtu aliyehama hana siku ya bure. Akikaa hapa kutusikiliza, kuna bidoni isiyochotwa na kuni zisizotafutwa.

Leo hatukuja na karatasi za kujaza wala sheria za kukariri. Tumekuja na habari ya watu wenye umri, si wanamichezo wa kulipwa, waliovuka bahari kwa makasia ili kuwatafutia wengine msaada. Mtuvumilie kidogo. Mwanzoni itaonekana kama habari ya watu wenye nafasi ya kucheza, na sehemu moja ni kweli. Lakini ndani yake kuna mambo matatu au manne ambayo kamati zetu zinayapigania kila wiki, na ndiyo sababu tumeileta hapa.

Kwanza tuelewe safari yenyewe. Ninyi mnaijua Ziwa Kivu. Kutoka Goma mpaka Bukavu kwa maji ni kama kilomita 100. Watu hawa huondoka kisiwa cha La Gomera, kimoja cha visiwa vya Canary vya Hispania, karibu na Afrika, na kufika kisiwa cha Antigua upande wa pili wa bahari ya Atlantiki. Ni kilomita karibu 4,800. Hesabuni wenyewe: Goma na Bukavu zaidi ya mara arobaini, bila kutia nanga hata mara moja. Huondoka mwezi wa kumi na mbili kwa sababu wakati huo pepo za kaskazini mashariki huvuma kuelekea huko na kuisaidia mashua. Ni pepo zile zile zilizosukuma merikebu za biashara ya watumwa. Watu wengi wa pwani ya Kongo walivushwa bahari hiyo wakiwa katika minyororo, na Antigua yenyewe ilikuwa kisiwa cha mashamba ya miwa yaliyolimwa na watumwa. Hatutaji jambo hilo ili kuwachafulia wengine furaha yao. Tunalitaja kwa sababu maji hayo si mageni kwa watu wetu.

Kuvuka kwa makasia si jambo la jana. Mwaka 1896 wanaume wawili wazaliwa wa Norway, Harbo na Samuelsen, walitoka New York wakafika visiwa vya Scilly vya Uingereza kwa siku 55, katika mashua isiyo na paa. Mwaka 1966 Waingereza wawili, Ridgway na Blyth, walitumia siku 92. Huyo Blyth ndiye baadaye aliyeanzisha mashindano ya kuvuka Atlantiki, na ya kwanza yalifanyika mwaka 1997. Tangu hapo watu wa kila namna wameingia: askari, wanafunzi, wafanyabiashara, na wazee.

Sasa tuje kwa wamama wanne. Majina yao ni Janette Benaddi, Helen Butters, Niki Doeg na Frances Davies, wote wa eneo la Yorkshire, kaskazini ya Uingereza. Hawakukua wakipiga makasia. Walikuwa wazazi wa watoto waliosoma shule moja katika mji wa York, na shule hiyo ilikuwa na kikundi cha wazazi waliojifunza kupiga makasia mtoni Jumamosi asubuhi. Ndipo walipofahamiana. Walikuwa na kazi, waume, watoto wa kupeleka shule na chakula cha kupika. Mkubwa wao alikuwa na miaka 51, wengine walikuwa katika miaka ya arobaini na kitu. Mwezi wa kumi na mbili 2015 walitoka La Gomera katika mashua waliyoiita Rose, na mwezi wa pili 2016 wakafika Antigua, baada ya siku 67. Wakati ule hakukuwa na kikundi cha wanawake chenye umri kama wao kilichowahi kuvuka bahari yoyote kwa makasia.

Walifanya hivyo kwa ajili ya mashirika mawili ya kwao. Moja linarusha helikopta za kuokoa wagonjwa na majeruhi, na linaishi kwa michango ya watu. La pili, Maggie's, linawapokea wagonjwa wa saratani na jamaa zao ili wapate mahali pa kukaa, kuuliza na kulia bila haraka.

Mashua ya namna hiyo ina urefu wa mita nane au tisa tu. Katikati ni mahali pa kupigia makasia, wazi kwa jua na mawimbi. Mbele na nyuma kuna vyumba vidogo, kila kimoja kama jeneza pana, na hapo ndipo watu hulala. Hakuna choo isipokuwa ndoo. Chakula ni cha kukaushwa, kinachotiwa maji ya moto. Maji ya kunywa yanatengenezwa kwa mashine inayotoa chumvi katika maji ya bahari, ikitumia umeme wa jua. Mashine ikiharibika, inabidi kusukuma kwa mkono saa nyingi kwa maji machache. Chumvi inakula ngozi, makalio yanatoka vidonda, mikono inavimba, na siku za kwanza kichefuchefu huwaangusha wengi.

Lakini jambo tunalotaka mlishike ni zamu. Watu wanne katika mashua hizi hawapigi makasia wote pamoja. Wawili wanapiga kwa saa mbili, wawili wanalala. Saa mbili zikiisha, wanabadilishana. Hivyo mchana na usiku, wiki baada ya wiki. Kila mtu anapata saa kumi na mbili za kazi kwa siku, na hakuna anayepata usingizi mrefu. Fikirini usiku wa manane, mvua inanyesha, wewe umelala saa moja na nusu tu, na mwenzako anagonga mlango mdogo: zamu yako. Ukichelewa dakika kumi, hizo dakika kumi umeziiba katika usingizi wa mwenzako. Anajua, na wewe unajua. Watu waliovuka wamesema mara nyingi kwamba ugomvi mkubwa wa baharini hauanzi na mawimbi. Unaanza na dakika kumi kama hizo.

Hapo sisi tuliacha kucheka habari hii. Katika kambi na katika familia za wapokezi tumeona kamati za maji zikivunjika kwa jambo hilo hilo. Watu hawakatai kazi. Wanachokataa ni kazi isiyo na mpaka. Mama anapewa ufunguo wa robine mwezi wa kwanza, na mwezi wa sita bado yeye. Akiugua, hakuna anayejua zamu ni ya nani. Akichoka anakuwa mkali, na akiwa mkali watu wanasema anapendelea kabila lake. Kumbe hakuna kabila hapo. Kuna mtu mmoja ambaye hajalala. Tunasema hili waziwazi kwa sababu kazi yetu ni amani, na tumeona mara nyingi uchovu ukivalishwa nguo ya ukabila, kisha vijana wakaibeba vita ambayo si yao.

Jambo la pili ni maandalizi. Mashua ya mashindano hairuhusiwi kuondoka mpaka ikaguliwe. Wanahesabu chakula cha kila siku kilichobebwa, dawa, vifaa vya kuitia msaada. Kila mpiga kasia lazima awe amejifunza huduma ya kwanza, matumizi ya redio, kusoma njia baharini na namna ya kukaa hai mashua ikipinduka. Akiwa juu, anafungwa kamba inayomshika na mashua, hata bahari ikitulia kama meza. Mwezi wa kwanza 2016 kimbunga kilichoitwa Alex, kisicho cha msimu wake, kilitokea katika Atlantiki, na wale wamama wakapambana na hasira yake. Kamba, vyumba vinavyofungwa vizuri, na mashua iliyotengenezwa kujigeuza yenyewe inapopinduka, ndivyo vilivyowaweka. Moyo wa ujasiri peke yake haungetosha.

Hapa lazima tuseme jambo zito, na tunaomba wazee waturuhusu. Tarehe 3 mwezi wa kumi 2024, boti iliyotoka Minova ilizama karibu na bandari ya Kituku, Goma, watu wakiwa wanaitazama kutoka ufuoni. Makumi ya watu walikufa. Ilikuwa imejaa kupita kiasi. Wengi walipita majini kwa sababu vita ilikuwa imekata barabara. Kati yenu wapo waliopoteza ndugu siku ile, na hatutaki mtu yeyote atoke hapa akidhani tumekuja kusifu watu wanaocheza na maji. Tunachosema ni hiki: mtu anayevuka bahari kwa hiari, mwenye simu ya setelaiti na chombo cha kuita waokoaji, bado hakubali kukaa juu ya mashua bila kamba. Basi mama anayevuka ziwa na mtoto mgongoni kwa sababu hana njia nyingine ana haki zaidi ya kudai jaketi ya kuelea na hesabu ya abiria. Kamati za pwani zinaweza kulidai hilo kwa sauti moja mbele ya wenye boti na wenye mamlaka, wawe nani, wa upande wowote. Hilo si siasa.

Tena, shida ya kuchagua si sawa na shida ya kulazimishwa. Wale wamama walijua siku ya kurudi nyumbani, na nyumba ilikuwepo. Ninyi, wengine mmehama mara tatu, mara nne. Mwezi wa pili 2025 kambi zilizozunguka Goma zilivunjwa, watu wakaambiwa waondoke kwa siku chache, na wengi wakarudi kukuta shamba lina mwenyeji mwingine au nyumba haina mabati. Hakuna mashindano wala picha za kufika. Kwa hiyo hatutawaambia "muwe na moyo kama wao". Moyo mnao. Mngekuwa hamna, msingekuwa hapa.

Tuje kwa mzee. Frank Rothwell wa mji wa Oldham, Uingereza, alikuwa na miaka 70 alipoondoka La Gomera peke yake mwezi wa kumi na mbili 2020. Wakati huo ugonjwa wa korona ulikuwa umefunga nchi nyingi, na wazee wa kwao walikuwa wanaambiwa wakae ndani. Alifika Antigua mwezi wa pili 2021, baada ya siku 56. Alikuwa anakusanya fedha kwa ajili ya utafiti wa ugonjwa unaowapotezea wazee kumbukumbu, ambao ulimpata shemeji yake mpaka akafariki nao. Michango ilipita pauni milioni moja. Akiwa na miaka 73 alirudia safari hiyo tena.

Kwa nini tunamtaja? Kwa sababu katika mikutano yetu tumeona jambo la kusikitisha. Mzee akifika kambini, anaandikwa katika orodha ya "wanyonge", anapewa blanketi, kisha hakuna anayemwuliza neno tena. Yeye ndiye anayejua mpaka wa shamba la babu wa fulani, nani alimwoa binti wa nani, ugomvi wa maji ya mto ulimalizwaje zamani, na nani alikula kiapo. Siku ya kurudi, kesi za ardhi zikianza, ndipo tunamkumbuka, na mara nyingi tumechelewa, ameshazikwa mbali na kwake. Ugonjwa ule alioukusanyia fedha Rothwell upo hata hapa kwetu. Mzee anayesahau majina ya wajukuu, anayepotea njiani akienda msalani, wakati mwingine anaitwa mchawi. Si mchawi. Ni mgonjwa. Wachungaji na mashehe, mtusaidie kulisema hilo mahali mnaposemea.

Wala tusidanganyane kuhusu uzee. Mfaransa Jean-Jacques Savin alivuka Atlantiki mwaka 2019 ndani ya pipa kubwa lililoachwa lisukumwe na mkondo, na watu wakamshangilia. Mwezi wa kwanza 2022, akiwa na miaka 74, alitoka Ureno peke yake kwa makasia. Alipoteza maisha karibu na visiwa vya Azores. Mtu mwenye umri ana subira na akili, lakini mwili wake una deni. Anayempa mzee kazi ampe na mtu wa kumshika mkono. Hilo ni sawa kwa mlinzi wa usiku katika bloki yenu, na kwa mama mzee anayetumwa kusimama mstari wa chakula tangu saa kumi za alfajiri.

Limebaki jambo la fedha, na hapa tutakaa kidogo, maana ndilo linaloumiza vichwa vya kamati.

Watu wengi huuliza: kama mtu ana fedha za kununua mashua, kwa nini asiwape wagonjwa fedha hizo akakaa nyumbani? Ni swali zuri, na sisi tulijiuliza pia. Mashua, chakula, mafunzo na malipo ya kuingia mashindano ni ghali sana. Jibu linalotolewa ni kwamba jirani asingetoa kitu kwa kuombwa tu. Anatoa kwa sababu amemwona mtu anayemjua akijitesa kwa ajili ya jambo hilo. Kuna ukweli hapo. Hata kwetu, mtu akibeba jiwe la kwanza la kujenga kanisa au msikiti, wengine wanaona aibu kukaa. Lakini jibu hilo linashika tu ikiwa masanduku ni mawili. Sanduku la safari linajazwa na wenye mali na makampuni yanayotaka jina lao libandikwe ubavuni mwa mashua. Sanduku la wagonjwa ni la wagonjwa. Timu nzuri hutenganisha hayo mawili tangu siku ya kwanza, na mtoaji anajua shilingi yake, au tuseme faranga yake, imeingia wapi. Timu isiyotenganisha, hata ikivuka bahari tatu, sisi tungeitilia mashaka.

Sasa rudini kwenye kamati zenu. Watu wakichanga faranga mia tano mia tano kwa kutengeneza robine, na fedha hiyo hiyo ikalipa usafiri wa rais wa kamati kwenda mkutano, huenda hakuna aliyeiba. Huenda mkutano ulikuwa wa faida kwa wote. Lakini masanduku yameungana, na siku robine itakapokauka hakuna atakayesikiliza maelezo. Kamati iliyo wazi ina daftari ambalo mtu yeyote anaweza kuomba kuliona bila kuonekana adui. Asiyejua kusoma asomewe, na anayemsomea asiwe mweka hazina.

Na kuna hili dogo kuhusu wamama wale wanne, tulilipenda. Kabla ya kuondoka ilibidi wakae na waume zao na watoto wao wakubaliane: nani atapika, nani atalipa, nini kitatokea ikiwa mmoja hatarudi. Mazungumzo hayo hayakuwa mepesi. Lakini yalifanywa nyumbani, mchana, watu wakiwa wameshiba na wamelala. Katika familia zetu zilizohama, mazungumzo ya kurudi au kutorudi mara nyingi hufanywa usiku mmoja, risasi zikisikika au lori likiwa linasubiri, na baba akiamua peke yake. Mama anajua kitu kuhusu njia ile, kijana anajua kitu, bibi anajua kitu, na hakuna aliyeulizwa. Tunawaomba wakuu wa familia: zungumzeni sasa, wakati hakuna lori. Nani atatangulia kwenda kuangalia? Watoto watabaki na nani? Karatasi za shule na jetoni zitakaa mfukoni mwa nani? Tukitenganishwa, tutakutania wapi?

Tumesema mengi. Sasa tutagawanyika. Wakuu wa bloki watakaa chini ya mwembe, kamati za maji na usafi zibaki hapa ndani, wamama na wazee watachagua wenyewe mahali, maana mara iliyopita walipewa jua. Kila kikundi kijibu maswali mawili tu: katika kazi yenu, ni nani ambaye hajapumzika kwa zaidi ya miezi mitatu, na ni nani atakayeshika zamu yake kuanzia Jumatatu? Tunataka majina, si maneno ya "tutaona". Majibu yaletwe kabla ya saa nane. Wanaotoka mbali watangulie kula.